Kangaga la kuliwa: usichume mteremkoni, shuka mtoni kwanza

Mkuu, weka hicho kikapu chini. Umesema umeona machipukizi ya kangaga, yale majani machanga yaliyojikunja, kwenye mteremko mkavu uliowahi kuungua moto, unauliza kama la kuliwa huota sehemu kama hizo na unalihifadhije. Kwa maelezo yako hilo ni Pteridium aquilinum. Ndilo linalopenda jua, udongo wenye tindikali, mashamba yaliyoachwa na palipopita moto. Lina sumu ya ptakwilosaidi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka kundi la 2B, yaani huenda linasababisha saratani kwa binadamu.

Jambo hili linanichoma. Jamaa mmoja aliyejiita mtaalamu wa vyakula vya porini alituambia kangaga lolote lililojikunja ni mboga. Tukamlipa, akatupeleka mteremko kama huo wako, tukala msimu mzima. Tukilalamika kuwa ni chungu, anasema uchungu ndio dawa. Hakuwahi kutugeuzia shina hata moja tulitazame! Unachukuaje hela za watu kuwafundisha kula porini na hujui unachowalisha?

Watakuja wa kukwambia Japani na Korea wanalila. Ni kweli, ila huliloweka kwanza kwenye maji ya majivu au magadi, na hata hapo sumu hupungua tu.

Mimi nashika moja: mto kwanza, shina baadaye. Kangaga la mbuni (mbuni yule ndege), Matteuccia struthiopteris, linalochumwa sana Maine huko Marekani na New Brunswick huko Kanada, huota kingo za mito, kwenye kivuli, pale mafuriko ya theluji iliyoyeyuka yanapoacha tope laini. Machipukizi yake hutoka kwa shada, mengi kwenye kisiki kimoja, na mara nyingi katikati yamesimama majani makavu ya kahawia ya mwaka jana. La mteremkoni hutoka mojamoja. Sasa geuza shina: la mbuni halina manyoya, na upande wa ndani lina mfereji kama herufi U. Hamna mfereji, usichume.

Na ukilipata lenyewe, usilile bichi. Mwaka 1994 watu waliugua New York na magharibi mwa Kanada kwa kulila bichi au halijaiva vizuri. Chemsha dakika 15, maji yamwage.

Ukirudi huko, tuletee picha ya shina upande wa ndani. Kichwa kilichojikunja hakitusaidii.