Pima kabla hujabadilisha: maswali ya matairi, kabureta na injini

Maswali ya safari hii yametoka Nakuru, Tanga, Mbeya, Dar es Salaam, Mombasa na Naivasha. Mengi yana asili moja: kifaa kimefungwa au kimetolewa kabla mtu hajapima. Ndiyo maana karibu kila jibu linaanza na futikamba, plagi au sufuria ya maji.

Swali (Nakuru): Nina Subaru Forester ya injini EJ20, otomatiki ya gia nne. Tairi moja la nyuma lilipasuka, nikanunua jipya moja, saizi ileile. Tangu hapo nikikata kona kali polepole, gari linajizuia na kurukaruka kama limekanyagiwa breki. Fundi anasema gia boksi imekufa. Ni kweli?

Huenda bado haijafa, lakini unaiua. Usikubali ishushwe kabla ya kupima. Zungusha futikamba kwenye kila tairi, katikati ya meno yake, upepo ukiwa sawa kote. Gari la kuendesha magurudumu yote manne halitazami saizi iliyoandikwa ubavuni, linahisi mzunguko halisi wa kila tairi. Subaru wenyewe hawataki tofauti ya mzunguko izidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo.

Tupige hesabu. Tairi jipya la 215/60R16 lina mzunguko wa milimita 2,087 hivi. Jipya lina meno ya kina cha milimita 8. Tuseme matatu yaliyobaki yamelika hadi 3. Nusu kipenyo imepungua milimita 5, kwa hiyo mzunguko umepungua milimita 31. Hiyo ni mara tano ya kiasi kinachoruhusiwa. Kila kilomita, tairi kuukuu linazunguka mizunguko kama 7 zaidi ya jipya. Difu ya nyuma inaibeba tofauti hiyo yote kati ya kulia na kushoto, na nusu yake inakwenda kwenye kiunganishi cha mbele na nyuma. Kutoka Nairobi hadi Nakuru, kilomita 160 hivi, kiunganishi hicho kimesuguliwa kwa tofauti ya karibu mizunguko 600 ya magurudumu ambayo haikupaswa kuwepo. Kwenye otomatiki yako kiunganishi hicho ni pakiti ya sahani za klachi mkiani mwa gia boksi. Sahani zikipata moto na oili ikiungua, zinashikana hata kwenye kona, na hapo ndipo gari linapoanza kuruka.

Forester nyingi za aina hiyo zina sehemu ya fyuzi iliyoandikwa FWD (yaani kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu) ndani ya boneti. Chomeka fyuzi hapo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi na mvuto wa nyuma utaachiwa. Kata kona ileile tena. Kuruka kukiisha, sahani bado zinaachia na mkosaji wako ni matairi. Kusipoisha, sahani zimeshikana au solenoidi, vali ya umeme inayoziendesha, imekufa, na sasa fundi ana haki ya kuzungumzia gia boksi. Fyuzi hiyo ni ya kupimia na kukufikisha nyumbani. Usiiache humo ukasahau.

Dawa ni matairi manne ya chapa moja na muundo mmoja. Kama mfuko hauruhusu, tafuta tairi lililotumika la chapa ileile lenye meno ya kina kilekile na muundo uleule, ulipime kwa futikamba hapohapo dukani kabla ya kutoa pesa. Kisha badilisha oili ya gia boksi. Ukifungua nati ya chini inatoka lita 4 hivi tu kati ya 9, kwa hiyo mwaga na ujaze mara tatu, ukiendesha kidogo katikati. Baada ya hapo zungusha gari umbo la nane mara kumi hivi kwenye uwanja wa vumbi ili sahani zipate oili mpya. Kuanzia sasa hamisha matairi ya mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, yalike pamoja.

Swali (Tanga): Bodaboda yangu ya cc 150 nimeiwekea oili ya gari iliyobaki gereji. Wiki ya pili klachi inateleza: injini inanguruma, pikipiki haisogei inavyotakiwa, hasa nikiwa na abiria mlimani. Ni klachi au ni oili?

Anza na waya wa klachi. Ncha ya levya ilegee milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Ikiwa imekazwa bila nafasi, klachi itateleza hata ukitumia oili ya dhahabu.

Nafasi ikiwa ipo, basi ni oili. Klachi ya pikipiki nyingi huoga ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi nyepesi za magari, kama 5W-30 na 0W-20, zina viambato vya kupunguza msuguano. Kwenye gari vinaokoa mafuta. Kwenye pikipiki vinaingia kati ya sahani. Kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama za oili ya pikipiki. Ukiona MB, au maneno ya Kiingereza "Resource Conserving", liache dukani. Mwaga iliyomo injini ikiwa ya moto, jaza ya JASO MA kwa uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, endesha kilomita 200, mwaga tena ujaze upya. Mara nyingi sahani zinapona. Kama bado zinateleza, fungua: sahani za chuma zikiwa na rangi ya bluu zimeungua, na hazisuguliwi kwa msasa zikarudi, zinabadilishwa.

Swali (Mbeya): Nimetoka Dar na pikipiki ya kabureta. Huku inakunywa mafuta, moshi mweusi, haina nguvu. Rafiki ameniambia nitoe ea klina ipate hewa. Nitoe?

Usitoe. Rafiki yako ameona kweli kwamba hewa ni kidogo, ila amekosea dawa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Jeti yake, kitundu kinachopima petroli, inaendelea kumwaga petroli karibu kama ilivyokuwa ikimwaga pwani, mchanganyiko unajaa mafuta, plagi inavaa masizi. Ukitoa ea klina mchanganyiko utapungua mafuta kweli, lakini kwa kubahatisha, na vumbi la barabara litaingia moja kwa moja kwenye silinda. Vumbi hilo ni msasa. Linakula ringi za pistoni na kuta za silinda, na baada ya muda moshi wako utabadilika kutoka mweusi wa petroli kuwa wa bluu wa oili. Wa kwanza unaponywa kwa jeti ya bei ndogo, wa pili kwa kuchonga silinda.

Safisha ea klina kwanza, maana iliyoziba nayo huleta moshi mweusi. Kisha soma namba iliyochorwa kwenye jeti kuu. Tuseme ni 110: funga 105. Ikibaki nyeusi, jaribu 102. Usiruke hatua.

Kila ukibadilisha, soma plagi. Funga plagi safi, panda barabara tupu iliyo salama, shika gia ya tatu na fungua moto wote, yaani aksereta hadi mwisho, kwa kama kilomita moja. Kisha kwa mpigo mmoja zima injini na ubane klachi, serereka hadi usimame. Usiiache ikaunguruma bila mzigo, kwa sababu hapo plagi itakuonyesha habari za sailensa, yaani injini ikinguruma bila aksereta, na si za jeti kuu. Itoe uitazame kaure nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Kahawia ya biskuti ndiyo unayoitafuta. Nyeupe kama chokaa, yenye vipele vidogo vinavyong'aa, ni hatari: mafuta ni machache mno na pistoni inakaribia kutoboka. Hapo rudisha jeti kubwa bila kujadili.

Ikiwa tatizo liko moto ukiwa nusu, gusa sindano ya kabureta. Klipu ikipandishwa tundu moja juu, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Pikipiki nyingine ndogo hazina matundu ya klipu, basi ishia kwenye jeti.

Weka jeti ya zamani kwenye mfuko wa spana. Siku utakayorudi Dar uirudishe kabla hujashuka, kwa sababu jeti ya Mbeya kwenye hewa nzito ya pwani inaipa injini njaa ya mafuta, na safari ndefu ya moto wote ndiyo inayoyeyusha pistoni. Na hata ukipatia kila kitu, nguvu ya Dar hutaipata yote Mbeya. Hewa iliyopungua haifidiwi na jeti.

Swali (Dar es Salaam): Nitajuaje umri wa tairi la mtumba?

Tafuta ubavuni neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zimechorwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukizikosa geuza tairi. Lenye zaidi ya miaka sita liache hata kama meno yamejaa. Mpira umekauka, na joto la barabara ya mbali ndilo litakaloupasua.

Swali (Mombasa): Toyota IST yangu ya injini 1NZ ilikuwa inachemka. Fundi ametoa themostati, sasa haichemki, lakini inakula mafuta na haichangamki asubuhi. Nimrudie?

Mrudie, na umwambie atafute kilichochemsha. Injini isipofika joto lake, kompyuta inaamini bado ni asubuhi na inaongeza petroli. Oili nayo haipati moto wa kutosha kukausha maji na petroli iliyojichanganya nayo, na injini inalika kimyakimya.

Kupima themostati hakuhitaji gereji. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ya 1NZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikitoka kwenye maji ikapoa, ijifunge kabisa.

Ikiwa nzima, mkosaji ni mwingine. Tazama mfuniko wa rejeta: mpira uliokatika haushiki presha, na bila presha maji yanachemka mapema. Washa AC uone kama feni inazunguka. Pitisha mkono juu ya rejeta iliyopata moto kisha injini ikazimwa. Sehemu iliyo baridi katikati ya zenye joto imeziba. Na acha maji ya bomba, tumia kulanti, hasa Mombasa ambako maji mengi ya visima yana chumvi.

Swali (Naivasha): Magari ya Safari Rally yana bomba la hewa linalopanda kando ya kioo hadi karibu na paa. Ni kwa ajili ya mito tu? Na je, turbo inayaokoa na mwinuko wa huku?

Mito ipo, lakini tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 adui mkubwa ni feshifeshi, ule udongo laini kama unga unaojaa njia za Kedong. Gari likiuingia, boneti yote inazama katika wingu. Bomba lile linachota hewa juu ya wingu ili kichujio kisijae kabla ya mwisho wa hatua.

Turbo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, inaokoa kwa sehemu. Kwenye mizunguko ya chini ya injini, kompyuta inaiachia izunguke zaidi na kurudisha presha iliyokosekana. Kwenye mizunguko ya juu kuna kikwazo cha sheria: hewa yote ya gari la Rally1, daraja la juu la ubingwa huo, hupita kwenye tundu moja kabla ya turbo, milimita 36 hadi mwaka 2024 na 35 kuanzia 2025. Hewa ikifikia kasi ya sauti ndani ya tundu hilo, haiongezeki tena hata turbo ivute vipi, na kiasi kinachopita kinategemea uzito wa hewa ya nje. Naivasha, mita 1,900 hivi, hewa inayopita hapo ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na usawa wa bahari. Ndiyo maana utawasikia madereva wakipanda gia mapema huko kwenu: nguvu iliyobaki iko katikati ya mizunguko, na kuisukuma injini hadi juu hakuleti kitu.