Kabla Hujalipia SLR ya Zamani, Ifungue Mgongo

Mmeanza tena. Msimu wa harusi ukikaribia lazima kijana mmoja anijie na SLR inayong'aa, yaani kamera ya filamu ambayo unatazamia kupitia lenzi yenyewe, ameinunua kwa picha aliyoiona kwenye simu, na swali lake la kwanza ni, "Mzee, hii ni nzuri?" Ukishalipa, mdogo wangu, swali hilo umelichelewesha. Haya nawaandikia ninyi ambao ISO, yaani wepesi wa filamu kushika mwanga, mnaijua na filamu mnaweza kuifunga gizani, ila bodi, yaani kamera bila lenzi, bado mnaichagua kwa macho.

1. Anza na jua, jina baadaye. Tuko kwenye ikweta. Kanuni ya f/16 mnaijua: jua likiwa kali, tundu la lenzi liwe f/16 (namba ikipungua tundu hupanuka), na spidi ifuate ISO. Mkanda wa ISO 400 saa saba mchana hapa Kampala unataka f/16 kwa 1/500 ya sekunde. Ukitaka f/8 ili mahema ya nyuma yalainike, tafuta 1/2000. Ukitaka f/5.6, 1/4000. Sasa hesabu: kamera ya Zenit E inaishia 1/500. Pentax K1000, Olympus OM-1 na Canon AE-1 zinaishia 1/1000. Nikon FM2, iliyotoka 1982, inafika 1/4000 na shata yake, pazia linalofunguka kuipa filamu mwanga, haihitaji betri. Wengi wanaosifia kamera hizi kwenye mtandao wanaishi nchi za mawingu; kwao 1/1000 ni namba ya kupamba kitufe. Au nunua mkanda wa 100, ugomvi uishe.

2. Betri. AE-1 bila betri haipigi hata picha moja. Ile yake ya volti 6 ikikosekana, panga LR44 nne, zile betri ndogo za kitufe, ndani ya karatasi iliyokunjwa. Mafundi wa saa wa barabarani wanazo. OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena, na ukiweka ya 1.5 mita ya kupimia mwanga itakudanganya. Ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, inakaribia sana. K1000 haina swichi ya kuzima mita, kwa hiyo funika lenzi ukimaliza kazi. Nimesema funika. Najua nani ataniambia betri imeisha "yenyewe".

3. Shata. Hapa kaeni chini.

Bodi ya kwanza niliyoinunua kwa pesa yangu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aina yake sitaitaja, maana kosa halikuwa lake. Kromu safi, ngozi imekaza, mkanda wa shingoni bado una harufu ya dukani. Aliyeniuzia alisema mwenyewe aliiweka kabatini miaka mingi, nami nikaona hiyo ndiyo sifa. Nikaijaribu nyumbani jioni: watoto, paka, mke wangu akimenya matooke karibu na dirisha. 1/30, 1/60. Picha zikatoka safi, nikaanza kujiita mpigapicha.

Ndipo mama mmoja jirani akanikabidhi kwanjula ya binti yake, sherehe ya bwana harusi kujitambulisha ukweni, upande wa Mukono. Alikuwa amepanga kumlipa na mpigapicha wa pili. Mimi ndiye niliyemwambia asipoteze hela.

Jua la siku hiyo halikuwa na huruma. Gomesi za akina mama zinawaka, kanzu zinawaka, nami nimeweka 1/1000 na sishuki. Ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, akapita kati ya wageni kumtafuta bwana harusi, akamwona, akamvika ua, vigelegele, nikapiga. Vikapu vikaingia, nikapiga. Na mlio wa shata ulikuwa mtamu, sikufichi.

Negativi ziliporudi, karibu theluthi ya kila picha ya nje haikuwa na kitu. Kwenye karatasi ikawa nyeusi tii, upande uleule kila mara. Na kwa kuwa nina mazoea ya kumpanga mtu muhimu upande mmoja wa frimu, aliyemezwa na ule weusi alikuwa bwana harusi. Unaona mkono wa ssenga, unaona ua, halafu giza. Utadhani kijana alikimbia mahari. Ila picha za ndani ya hema, za 1/60, hazikuwa na dosari: wazee wa ukoo wanakula, na punje za wali unaweza kuzihesabu.

Yule mama alizipitia moja moja, akarudia mwanzo, kisha akaniuliza, "Mkwe wangu yuko wapi?"

Kinachoniuma zaidi ni nilichofanya baada ya hapo. Nilikwenda kumgombeza mzee aliyesafisha filamu, mbele ya wateja wake, nikasema kemikali zake zimechoka. Hakunijibu. Alinyoosha mkono nimpe kamera, akatoa lenzi, akafungua mgongo, akaielekeza mlangoni penye anga jeupe, akaweka 1/1000 na kuniambia nitazame kwa nyuma. Akabonyeza. Upande mmoja mwanga, upande wa pili giza. Akashusha hadi 1/60, dirisha lote likawaka. Akanirudishia kamera. "Kemikali," akasema.

Shata ya kitambaa ina mapazia mawili. Kwenye spidi kubwa, la pili huanza kukimbia kabla la kwanza halijafika, na filamu hupata mwanga kupitia mwanya mwembamba kati yao. Grisi ikikauka, la kwanza linaburuta, la pili linalifikia, na mwanya unajifunga kabla ya mwisho wa frimu. Kwenye 1/60 huoni kitu, kwa sababu la kwanza limeshapata muda wa kufika. Na grisi hukauka wapi? Kabatini. Ndiyo maana siku hizi kamera isiyo na mkwaruzo naitilia shaka, na ile iliyochubuka kwenye kona hadi shaba ikaonekana naisogelea: hiyo ilikuwa kazini.

Mtihani wa yule mzee ufanyeni mezani kwa muuzaji, kila spidi mara kadhaa, maana ugonjwa huu huja na kuondoka. Spidi za polepole zisikilizeni tu. Sekunde inayojikokota ina sauti yake. Muuzaji akikukataza kufungua mgongo, mshukuru, ondoka.

Yule mama nilimrudishia pesa. Alizipokea. Salamu zilichukua muda zaidi.

4. Ukinunua bodi umeoa, na lenzi ndio ukoo wa mke: utaishi nao. Uliza kwanza ni lenzi zipi zinapatikana mjini, ndipo uangalie bodi. Lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo hazijageuzwa kuwa AI, ule mfumo wa Nikon wa kuijulisha kamera tundu la lenzi, msizilazimishe kwenye FM2. FM na FE zina kidole kinachokunjika kuzipisha, FM2 haina. Mmoja wenu alilazimisha. Yeye anajijua, na fundi wake anamjua sana.

5. Sponji za mgongoni, zile za kuzuia mwanga usipenye, zikinata kidoleni, hiyo si sababu ya kukataa kamera, ni sababu ya kupunguza bei. AE-1 ikikohoa unapobonyeza, mafuta ya mtambo wa kioo yamekauka, inatibika. Fangasi: mfuko wa ngozi utupe, weka kamera kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana pamoja na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kanzu nyeupe zikijaza frimu, ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, maana mita hupenda kijivu.

Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda pale Kira Road yalionesha picha za enzi ya Idi Amin kutoka kwenye hazina ya Shirika la Utangazaji la Uganda, negativi kama 70,000 zilizokaa makabatini kwa miongo. Watu walisimama mbele ya zile picha wakitafuta nyuso wanazozijua. Sikumsikia hata mmoja akiuliza zilipigwa kwa bodi gani, na mimi, kusema kweli, nilikuwa najizuia.

Kwa sababu ugonjwa huo ninao. Mkinibana niseme ninayoipenda, ni OM-1, kazi ya Yoshihisa Maitani, mbunifu wa Olympus, iliyoanza 1972 ikiitwa M-1 mpaka Leica, watengenezaji kamera wa Ujerumani, walipolalamikia jina. Ni ndogo, kitafutio chake kipana mno, na pete ya spidi iko shingoni mwa lenzi, mkono wa kushoto unabadilisha bila jicho kuondoka. Lakini mteja akinilipa nabeba FM2, maana saa saba mchana haijali mapenzi yangu. Mkiwa na pesa ya bodi moja tu, chukueni inayofaulu mtihani wa mlangoni, hata ikiwa Zenit nzito yenye lenzi ya Helios. Mkono utazoea.

Wenye sponji za kunata njooni Jumamosi na spiriti na vijiti vya masikio; wembe ninao. Wa AE-1 waje na betri zao.