Mkuu, hiyo Harrier usiilipie kabla hujasoma namba ya chesisi

Simamisha malipo. Hata kama umeshamwahidi dalali, mwambie umepata msiba, mwambie mshahara umechelewa, mwambie lolote, ila hela isitoke.

Umeandika kwamba umehamishiwa Mtwara kikazi, unataka gari moja tu la kwendea ofisini na la kukupeleka Msimbati wikiendi ukavue kwa mshipi na kupiga mbizi, na kiangazi ufike mpaka Tendaguru, kule Lindi. Umeuliza ulaji wa mafuta, bima, keria ya juu, na kama bora uagize Japani au ununue yadi. Halafu katikati ya maelezo umetupia kwamba umeshapata Toyota Harrier ya 2005 huko Dar, na dalali kakuhakikishia kuwa "Harrier zote ni fowili", yaani matairi yote manne yanavuta. Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayaamini, nikalipa.

Si kweli, mkuu. Harrier za umbo hilo zenye injini ya 2.4 ziko za aina mbili. ACU30 inavutwa na matairi ya mbele peke yake. ACU35 ndiyo fowili. Kwa nje ukiziegesha pamoja hutajua ipi ni ipi: bodi ileile, taa zilezile. Ukikaa ndani, viti na dashibodi ni vilevile. Ndiyo maana wanaweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia mchana kweupe huku umelishika gunia lenyewe.

Sasa sikiliza kilichonipata, maana wewe unakwenda palepale.

Mjini Mtwara lile gari halikunipa shida yoyote. Shangani, sokoni, Mikindani, lami tupu. Hata Kilwa nililipeleka likaenda vizuri, na kule ukishafika Masoko unaliacha, kwenda Kisiwani ni boti. Kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini nina fowili. Hakuna kitu kilichonilazimisha kujua.

Ukiitafuta Msimbati unapita Madimba, penye mtambo wa gesi, na kadiri unavyosogea mbele mchanga unaongezeka. Kutoka kijijini kwenda Ruvula ndiyo mchanga wenyewe. Siku hiyo nililiteremsha ufukweni maji yakiwa yametoka. Mchanga uliolowa ni mgumu, gari likateleza juu yake vizuri kabisa, na hapo ndipo mgeni anapodanganyika, kwa sababu unaokumeza si ule. Ni ule mkavu wa juu, mweupe, laini, unaotakiwa kuupanda ukitaka kurudi njiani.

Nilipougusa tu, matairi ya mbele yakaanza kuzunguka palepale. Gari la kuvutwa mbele likiwa linapanda, uzito wote unaegemea nyuma, na yale matairi mawili yanayofanya kazi yanabaki mepesi. Kila ukikanyaga mafuta yanachimba. Ya nyuma hayasukumi chochote. Muda si mrefu gari likawa limekalia tumbo, na likishakalia tumbo hata uwe na nguvu za farasi mia tatu hazikusaidii.

Na ilikuwa bamvua. Wewe umetoka bara, kwa hiyo nikueleze: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani hii yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakianza kujaa hayasubiri mtu amalize kuchimba. Akaja mzee mmoja mvuvi, akaangalia gari, akaangalia bahari, akasema, "Mwanangu, liwahini hili, maji hayako mbali." Akawaita vijana. Wakaleta sepetu moja, makuti, na makumbi ya nazi wakayatandika mbele ya matairi. Nikakanyaga taratibu kama walivyoniambia. Tairi likapanda makumbi, likayarusha yote nyuma moja baada ya jingine, likazama upya. Tulirudia hivyo hadi maji yakafika kwenye ringi, yakavuka kizingiti cha mlango. Mwisho lilitoka kwa kamba na migongo ya watu. Wale watu wa Msimbati Mungu awazidishie, hakuna aliyetaja hela kabla ya gari kutoka.

Usidhani likishatoka umepona. Maji chumvi yanakaa ndani yakifanya kazi polepole. Nilioga nikalala nikijua yameisha. Baada ya wiki kadhaa taa ya breki za ABS ikawaka, halafu vioo vya madirisha vikaanza kushuka vyenyewe, halafu gari likagoma kuwaka. Fundi wa umeme alipofunua kapeti, sponji ya chini ilikuwa bado imeshika maji. Akachomoa soketi moja ya waya akanionyesha: pini zote zimeota unga wa kijani, nyingine zimelika zikabaki ncha. Akachomoa ya pili, vilevile. Tukaanzia hapo. Nyaya, stata, beringi za magurudumu, breki za nyuma. Jumla ilipita nusu ya bei niliyonunulia gari, na mpaka leo mvua ikinyesha kuna kitu kinagoma.

Ni siku hiyo gari likiwa juu ya jeki ndipo fundi aliponiuliza, kwa upole kabisa, "Bosi, nani alikwambia hii ni fowili? Mbona nyuma haina difu?" Nikainama nikaangalia. Kweupe. Hakuna propela shafti, lile bomba la kupeleka nguvu nyuma, hakuna difu ya kuigawa kwa matairi ya nyuma, kuna hewa.

Nilimpigia yule dalali. Unajua alinijibu nini? "Bosi, si umelipeleka baharini mwenyewe?" Huyuhuyu ambaye siku ya kununua nilimwambia nakaa Mtwara, navua, naingia mchangani kila nikipata nafasi, akapiga bodi kofi akasema hili litakupeleka hata Msumbiji. Mtu anayejua unakwenda wapi na bado anakuuzia kisichofika, huyo hajakosea, amekuibia. Amekula kamisheni yake na wengine tumebaki tunachimba. Na watakaokuja hapa kusema tatizo ni dereva, walete gari la mbele tupu pale Ruvula bamvua ikijaa. Sepetu nitawaazima mimi.

Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya mafuta, kabla hujapoteza nauli ya basi zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar, mwombe muuzaji kitu kimoja: picha ya namba ya chesisi. Kwa magari ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, namba hiyo inaanza na modeli yenyewe. Ipo pia kwenye kadi ya gari, na kwenye kibati ndani ya boneti. Ikianza na ACU30, achana nayo. Ikianza na ACU35, endelea na mazungumzo. Mchezo huu hauko kwa Harrier pekee. RAV4 ya kizazi cha tatu, ACA36 ni ya mbele tu, ACA31 ni fowili. Noah, AZR60 ni ya mbele, AZR65 ni fowili. IST yenyewe ipo ya fowili, NCP65, ila watu wanajua NCP60 na NCP61. Hata Nissan X-Trail ya zamani, yenye NT30 ni fowili, yenye T30 bila hiyo N ni ya mbele. Dalali akikuzungusha kukupa picha hiyo, umeshapata jibu lako.

Na ikiwa ni ACU35, bado usilipe. Tandika boksi, lala chini, angalia kwa macho yako bomba la propela shafti linalotoka mbele mpaka kwenye difu ya nyuma. Wapo wanaoichomoa ikianza kupiga kelele, wakauza gari hivyohivyo. Kadi itasema fowili, chini kuna hewa.

Ningekuwa mimi leo, kwa matumizi yako, ningechukua RAV4 ACA31, ina kitufe cha LOCK cha kuunganisha nyuma na mbele ukiwa mwendo mdogo. Au Suzuki Escudo TD54W, ambayo ina hadi gia nzito ya 4L, na kwa mchanga wa Ruvula na njia za Tendaguru hiyo ndiyo ninayoiamini zaidi. Inakula mafuta kuliko IST, ndiyo, lakini kula mafuta si hoja mbele ya gari lililojaa maji chumvi. Tendaguru kwenyewe, kule Wajerumani walikofukua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, ni kiangazi tu. Masika usijaribu na gari lolote, mvua za huku zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili.

Ukiwa na fowili ya kweli, kabla ya kuingia mchangani punguza upepo wa matairi mpaka kama psi 18, beba pampu ya kujazia ukitoka, na uingie maji yakiwa yanatoka, si yanajaa. Ukirudi, osha chini kwa maji ya bomba siku hiyohiyo.

Mwombe dalali hiyo picha sasa hivi. Ukiipata weka hapa mwanzo wake tu, zile herufi tatu na tarakimu mbili, nipo hewani mpaka usiku.