Nikihariri mzigo mmoja, unabadilika mwingine: kusasisha rekodi zilizohifadhiwa ndani ya programu ya simu

SWALI: Natengeneza programu ya simu za Android kwa ajili ya wakala wa samaki hapa Igombe, Mwanza. Karani huandika jina la mvuvi, aina ya samaki, kilo na bei, na rekodi zinakaa ndani ya simu kwenye hifadhidata ya SQLite. Kuongeza rekodi mpya hakuna tatizo, ila kusasisha kumenishinda. Mara ya kwanza nilipobadilisha bei ya mzigo mmoja, mizigo yote ilichukua bei hiyo hiyo. Nikaamua kutumia nafasi ya mzigo kwenye orodha kama namba yake, lakini sasa wakati mwingine inabadilika rekodi ya mvuvi mwingine, na wakati mwingine hakibadiliki kitu ingawa programu haioneshi kosa lolote. Mwenzangu ananishauri niachane na UPDATE, nitumie INSERT OR REPLACE. Je, nimsikilize? Na rekodi zilizokwisha kuharibika nizifanyeje?

JIBU: Ushauri huo usiufuate, kwa sababu hautibu ugonjwa ulionao na unaweza kukuletea mwingine ulio mbaya zaidi, kama nitakavyoeleza hapo mbele. Matatizo matatu uliyoyataja yanatoka kwenye chanzo kimoja, nacho ni kwamba programu yako haiiambii hifadhidata kwa uhakika ni rekodi ipi inayotakiwa kubadilishwa, wala haisubiri kusikia jibu la hifadhidata baada ya kuituma kazi.

Tuanze na mizigo yote kuchukua bei moja. Agizo kamili la kusasisha rekodi moja huandikwa hivi:

UPDATE mizigo SET bei = ? WHERE id = ?

Sehemu ya WHERE ndiyo inayochagua rekodi. Ukiiacha, SQLite haitakuuliza kama kweli unakusudia jedwali zima. Itatekeleza ulichoandika, na kila mzigo utapata bei hiyo. Katika Android jambo hili hujificha kirahisi, kwa kuwa watu wengi hawaandiki agizo lenyewe bali huita db.update("mizigo", thamani, null, null), na ile null ya kwanza maana yake ni kwamba hakuna sharti lolote. Namna sahihi ni hii:

val idadi = db.update("mizigo", thamani, "id = ?", arrayOf(id.toString()))

Alama ya kiulizo isikufanye uone kwamba ni pambo. Wapo wanaounganisha thamani moja kwa moja ndani ya maandishi ya agizo, na programu zao hufanya kazi vizuri mpaka siku anapofika mvuvi anayeitwa Ng'wandu. Alama ya ritifaa (') iliyomo katika jina hilo huonekana na SQLite kama mwisho wa maandishi, agizo linavunjika, na karani anabaki akishangaa kwa nini jina moja tu linakataa. Kwa mkoa wenye majina mengi ya Kisukuma kosa hili halikawii kujitokeza, na pia ndilo mlango ambao mtu mwenye nia mbaya anaweza kuutumia kupenyeza maagizo yake. Ukitumia kiulizo, thamani husafiri peke yake na haichanganywi na agizo.

Sasa tuje kwenye nafasi ya mzigo katika orodha. Kumtambua mzigo kwa nafasi yake ni sawa na karani wa mwaloni kuandika kwamba anaudai "mtumbwi wa tatu kutoka kushoto" badala ya kuandika namba ya usajili iliyopakwa ubavuni mwake; ikifika jioni mitumbwi imekwisha kuhama, na deni limemwangukia asiyehusika. Orodha yako hubadilika kila unapofuta rekodi, kila unapoipanga upya kwa tarehe, na kila karani anapotafuta sangara peke yake. Mzigo uliokuwa wa tano unakuwa wa pili, lakini ufunguo msingi wake, yaani ile namba ya id, ndani ya jedwali haujabadilika. Ndiyo maana mara nyingine unagusa rekodi ya mtu mwingine, na mara nyingine namba unayoituma haipo kabisa katika jedwali.

Dawa yake ni kuubeba ufunguo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Unaposoma rekodi ili uzioneshe, soma na safuwima ya id hata kama haitaonekana kwenye skrini. Iweke ndani ya kila kipengele cha orodha. Karani akigusa kipengele, ipeleke id hiyo kwenye skrini ya kuhariri. Na kitufe cha kuhifadhi kikibonyezwa, iwe ndiyo inayoingia kwenye WHERE. Usijaribu kutumia jina la mvuvi badala yake. Majina hufanana, na tena ulinganishaji wa kawaida wa SQLite hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo "Sangara" na "sangara" ni vitu viwili, na nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa jina inatosha kuifanya rekodi isipatikane. Ukiwa unaumba jedwali, ongeza pia neno AUTOINCREMENT kwenye ufunguo. Bila hilo, ukifuta rekodi yenye namba kubwa kuliko zote, namba yake inaweza kupewa rekodi itakayofuata, na kama kuna jedwali la malipo linaloitaja namba hiyo, malipo ya zamani yatajikuta yameshikamana na mzigo mgeni.

Umesema kwamba mara nyingine hakibadiliki kitu na programu haitoi kosa. Kwa kweli programu imekwambia, ila hukuisikiliza. Ile update inarudisha namba kamili, yaani idadi ya rekodi zilizoguswa. Kwa SQLite, agizo ambalo halikupata rekodi hata moja si kosa. Limetekelezwa salama na jibu lake ni sifuri. Basi kila unaposasisha mzigo mmoja, kagua namba hiyo: ikiwa 1, endelea, ikiwa 0, mwoneshe karani ujumbe kwamba rekodi haikupatikana, badala ya kumwandikia "Imehifadhiwa", ikiwa zaidi ya 1, sharti lako ni bovu, na ni heri uligundue leo mezani kwako kuliko kugunduliwa na wakala wakati wa kufunga hesabu. Kama umezoea hifadhidata ya MySQL, zingatia tofauti moja: huko kwa kawaida rekodi ambayo thamani mpya ni sawa na ya zamani haihesabiwi, lakini SQLite huihesabu. Kwa hiyo sifuri katika simu yako ina maana moja tu, kwamba hakuna rekodi iliyotimiza sharti.

Nikiwa bado hapo hapo, kagua kama umezungusha kazi yako ndani ya muamala, yaani kundi la maagizo yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote. Ukiita beginTransaction() na endTransaction() lakini ukasahau setTransactionSuccessful() katikati, mabadiliko yote yatarudishwa nyuma bila neno, na utaapa kwamba UPDATE haifanyi kazi ilhali ilifanya kazi kisha ikafutwa. Pamoja na hatari hiyo, muamala ni wa lazima pale ambapo tendo moja linagusa majedwali mawili. Mzigo ukiandikwa kuwa umelipwa na wakati huo huo salio la wakala likapungua, mambo hayo mawili yatokee yote au yasitokee kabisa, maana simu inaweza kuzimika chaji katikati.

Kuhusu INSERT OR REPLACE, mwenzako amevutiwa na urahisi wake. Agizo hilo haliisasishi rekodi. Likikuta ufunguo uleule upo tayari, huifuta rekodi ya zamani yote na kuingiza mpya. Safuwima yoyote ambayo hukuitaja hupewa thamani ya chaguo-msingi iliyotangazwa kwenye jedwali au hubaki tupu. Ukituma id, kilo na bei tu, jina la mvuvi limepotea. Ubaya zaidi ni kwamba kama jedwali la malipo limefungwa kwa ufunguo wa kigeni (safuwima inayotaja id ya mzigo) wenye ON DELETE CASCADE, yaani amri ya kufuta malipo mzigo wake unapofutwa, na ukaguzi wa funguo hizo umewashwa, basi kurekebisha bei ya mzigo kutayafuta malipo yake yote. Katika Room, maktaba ya Android inayosimamia SQLite kwa niaba yako, @Insert yenye mkakati wa REPLACE hufanya jambo lilelile, wakati @Update huitafuta rekodi kwa ufunguo msingi na inaweza kukurudishia ile idadi niliyoisisitiza. Ukihitaji kweli agizo linaloingiza rekodi ikiwa haipo na kuisasisha ikiwa ipo, SQLite ina ON CONFLICT ... DO UPDATE tangu toleo la 3.24 la mwaka 2018, lakini simu zinazotumia Android 10 kurudi nyuma zina toleo la zamani lisiloielewa. Kwa makarani wenye simu za miaka mingi, salama ni kuita update kwanza na, ikirudisha sifuri, ndipo uingize, yote mawili ndani ya muamala mmoja.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, nami nalitaja kwa kuwa limo katika fomu za namna hii mara kwa mara. Karani akiandika bei kama "7,500" na wewe ukaipeleka ilivyo, SQLite haitakataa. Hata kama safuwima imetangazwa kuwa INTEGER, thamani isiyogeuzika kuwa namba huhifadhiwa kama maandishi. Siku utakapozidisha bei hiyo kwa kilo 10 utapata 70, kwa kuwa usomaji huishia kwenye koma. Ondoa koma na nafasi kabla ya kuhifadhi, igeuze kuwa namba kamili ndani ya msimbo wako wa Kotlin, na uweke kwenye jedwali sharti CHECK (typeof(bei) = 'integer') ili hifadhidata yenyewe ikatae. Uzito nao ningeuhifadhi kwa gramu, kwa namba kamili; desimali za kompyuta hazifai kwa vitu vinavyogeuka kuwa fedha.

Ikiwa idadi iliyorudi ni 1 na bado orodha inaonesha bei ya zamani, basi hifadhidata haina lawama. Orodha ile ni nakala iliyosomwa kabla ya mabadiliko, na inabidi isomwe upya. Ukitumia Room na ukairudisha orodha kama Flow au LiveData (aina za data zinazotangaza mabadiliko zenyewe), jedwali likiguswa kupitia Room orodha hujisoma yenyewe. Ukitumia SQLite bila Room, usomaji huo ni kazi yako.

Huenda leo simu ni moja, lakini wakala akipata karani wa pili kule Ukerewe, ambaye huandika mizigo bila mtandao na kuituma Mwanza baadaye, mambo mawili yatabadilika. Kwanza, namba zinazojiongeza zitagongana, kwa sababu simu zote mbili zitakuwa na mzigo namba 57; hapo ufunguo uwe UUID, yaani kitambulisho kirefu kisichotarajiwa kujirudia, inayotengenezwa na simu yenyewe. Pili, watu wawili wanaweza kuhariri mzigo mmoja kila mmoja kivyake, na wa mwisho kutuma akafuta kazi ya mwenzake bila kujua. Usitegemee saa za simu kuamua nani alitangulia, maana saa hizo hubadilishwa na wenye simu. Weka safuwima ya toleo, na kwenye seva uandike hivi:

UPDATE mizigo SET bei = ?, toleo = toleo + 1 WHERE id = ? AND toleo = ?

Jibu likiwa sifuri, ama mzigo umefutwa ama mtu mwingine ameshaubadilisha, na programu imwoneshe karani hali iliyopo sasa ili aamue mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mizigo iliyokwisha kulipwa isisasishwe kabisa. Kosa la kuandika kilo linaporekebishwa kabla ya malipo, UPDATE inafaa. Baada ya fedha kutoka, andika rekodi mpya ya marekebisho inayoitaja ile ya kwanza na sababu yake, kwa kuwa UPDATE haiachi alama ya kilichokuwepo, na mvuvi akija na karatasi yake ya mizani yenye bei tofauti hutakuwa na kitu cha kumwonesha.

Mwisho, rekodi zilizoharibika. UPDATE iliyokwisha kukamilishwa haina njia ya kurudishwa ndani ya SQLite, hivyo usijaribu kuzirekebisha kabla ya kuchukua nakala. Ifunge programu kabisa, kisha nakili faili la hifadhidata pamoja na lile lenye jina lilelile linaloishia na -wal, kama lipo, kwa kuwa maandishi ya karibuni yanaweza kuwa bado hayajahamishiwa kwenye faili kuu. Kama simu ilikuwa na nakala ya zamani ya data, ifungue kwenye kompyuta na ulinganishe bei kwa id, si kwa nafasi. Kama haipo, chanzo kilichobaki ni daftari la karani na karatasi za mizani. Ziingize bei hizo moja moja kwa id, ukianza na mizigo ambayo haijalipwa, kwani hiyo ndiyo ambayo wavuvi watakuja kuidai kwanza.