Kabamazepini ikizidisha degedege la mtoto

Dada, umeuliza kama kabamazepini, dawa ya kifafa, inaweza kuwa ndiyo iliyozidisha degedege la mtoto: dawa ya kifafa kuzidisha kifafa ni jambo linalojulikana. Kwa mtoto aliyeanza degedege refu la upande mmoja, lenye homa, kabla ya kutimiza mwaka, cha kwanza kufikiria ni ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali kinachoanza utotoni. Wengi wa watoto wenye ugonjwa huo wana hitilafu kwenye jeni ya SCN1A, na mara nyingi haikurithiwa, imezuka kwa mtoto mwenyewe (kwa hiyo msilaumiane koo). Jeni hiyo hutengeneza njia za sodiamu (vijitundu vya kupitishia sodiamu kwenye seli), hasa kwenye neva zinazotuliza ubongo. Kabamazepini, na dawa nyingine za kifafa kama fenitoini na lamotrijini, huziba njia hizohizo. Breki hiyo ya ubongo, iliyokuwa dhaifu tayari, inalegea zaidi.

Lakini usiikatishe kabamazepini ghafla! Daktari aipunguze huku akianzisha valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ini likishapimwa, kisha aongeze klobazamu ikihitajika. Stiripentoli, nayo dawa ya kifafa, ikiongezwa hupandisha klobazamu kwenye damu: mtoto akisinzia mno, klobazamu ndiyo ipunguzwe. EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) na MRI (picha ya ubongo) mwanzoni huwa safi, zisiwatulize. Ombeni kipimo cha jeni. Degedege likipita dakika 5, mpeni diazepamu ya njia ya haja kubwa kwa dozi aliyoandika daktari, kisha hospitali.