Kihispania cha mlimani kinatosha kwa uzamili wa Amerika ya Kilatini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naongoza watalii Kilimanjaro mwaka wa saba sasa, wengi ni wasemaji wa Kihispania. Nina digrii ya Historia na nataka uzamili wa utamaduni na jamii. Hiyo ni historia, sosholojia au lugha? Pendekezo langu linaitwa "Utamaduni na Jamii ya Amerika ya Kusini". Limekaa sawa? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni vyote vitatu. Kwenye uzamili wa kawaida unaishikilia fani moja. Hapa unalishikilia eneo, na mbinu unaazima kwa wanahistoria, wanaanthropolojia, wachumi, hata wahakiki wa fasihi. Taaluma hizi za maeneo zilinenepa wakati wa vita baridi. Warusi walirusha setilaiti ya Sputnik 1957, mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kugharimia lugha na masomo ya maeneo ya dunia. Kule Uingereza, ripoti ya kamati ya Parry ya 1965 ikazaa vituo vitano vya Amerika ya Kilatini: Oxford, Cambridge, London, Liverpool na Glasgow.

Kichwa chako kifute. Kwanza, "Amerika ya Kusini" inaziacha nje Meksiko na Kuba. Jina la taaluma ni Amerika ya Kilatini. Pili, hakina swali. Msomaji wa maombi atauliza: unataka kujua nini hasa?

Nawe swali unalo nyuma ya nyumba. Wakulima wa kahawa wa Kolombia waliunda shirikisho lao 1927. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapo Moshi, ilianza 1933. KNCU ilivunjwa 1976 pamoja na vyama vikuu vingine vya ushirika, ikaja kufufuliwa baadaye; shirikisho la Kolombia halikuvunjwa. Mwaka 1989 mgawo wa kiasi ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukaporomoka, na bei nayo. Sasa uliza: familia ya mkulima mdogo wa Kolombia ilifanya nini na shamba lake mwaka ule, na shirikisho lilimsaidia vipi? Uchumi peke yake hautakujibu, maana shamba ni urithi pia, kama kihamba, shamba la ukoo, kwenu. Hapo utahitaji takwimu za bei na masimulizi ya wazee, na ndiyo maana ya kuchanganya fani. Kolombia ndiyo iwe kiini. Kilimanjaro iingie kwa aya moja tu, kuonyesha swali limetoka wapi.

Kihispania? Kile cha "pole pole, kunywa maji" hakikufikishi kwenye kumbukumbu za ushirika. Fanya DELE, mtihani rasmi wa Kihispania, ulenge B2, yaani kiwango cha kati cha juu. Cheti chake hakipitwi na muda. Ukivutiwa na Brazili, hesabu upya, huko ni Kireno.

Oxford wana kozi ya mwaka mmoja na ya miaka miwili. UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, wanafundisha kwa Kihispania, na mimi ningeanzia huko: utasoma eneo ukiwa ndani yake. (Wenzangu wa Arusha hunibishia, wanadai jina la Oxford linafungua milango. Sawa, lakini ada je?) Barua moja ya udhamini iandikwe na mhadhiri aliyesimamia tasnifu yako, ya bosi wa kampuni ya utalii iwe ya pili. Na kabla hujalipa chochote, ulizia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kama chuo hicho kinatambuliwa.

Ukishaandika swali jipya nitumie, lisizidi mistari mitatu.