Nyumba ya Bei Nafuu Italia: Soma Karatasi Kabla ya Kutazama Mandhari

Tangu ninunue nyumba Abruzzo, mkoa wa Italia, haupiti mwezi bila ndugu au rafiki kunipigia simu kuuliza: ni kweli Italia wanauza nyumba kwa yuro moja? Ni kweli. Miji kama Mussomeli na Sambuca kule Sicilia imefanya hivyo, kwa sababu vijana wamehama na nyumba zinabomoka. Lakini mji hukutaka uweke dhamana, mara nyingi yuro elfu kadhaa, na uahidi kukarabati ndani ya muda uliopangwa, aghalabu miaka 3. Mimi nilizikagua mbili za namna hiyo. Moja, mtini ulikuwa umeota sebuleni na kutokeza darini. Nikaachana nazo. Ninachowashauri ni nyumba ya yuro 30,000 hadi 60,000 ambayo paa lake ni zima na mtu aliishi ndani yake miaka ya karibuni.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na Kitaliano nilikiokota utotoni kwa wageni waliojaa mji wetu tangu enzi za San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi pale Ngomeni. Sasa naishi Uingereza na nina uraia wa huko. Hilo la uraia tulimalize kwanza, maana limewaumiza wengi.

Sheria ya Italia ina sharti linaloitwa reciprocità: mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya asiyeishi Italia huruhusiwa kununua iwapo Mtaliano naye angeruhusiwa kununua kwao. Sasa tujitazame sisi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, humpa mgeni ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Tanzania nayo haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya kwetu anayeishi Nairobi au Muscat asianze na picha za nyumba. Aanze na Wizara ya Mambo ya Nje ya Italia, ambayo hutoa orodha ya nchi na masharti yake, kisha amwulize notaio, yaani mwanasheria anayethibitisha mikataba ya mauzo, kwa maandishi. Mwenye kibali cha kuishi Italia kwa kazi, masomo au familia sharti hilo halimzuii. Na msidanganywe kwamba nyumba inaleta viza. Mimi na pasipoti yangu ya Uingereza nina ruhusa ya kukaa siku 90 katika kila siku 180, basi.

Nyumba ya kwanza niliyoipenda ilikuwa yuro 29,000. Mlango wa mbao wa samawati, mzabibu umetambaa juu ya ngazi, na mlima Majella una theluji mbele ya dirisha. Dalali akaniambia wenyewe wako tayari. Wenyewe, nikaja kujua, walikuwa ndugu na binamu saba, mmoja yuko Australia, mwingine Argentina. Sisi watu wa pwani tunaijua nyumba ya urithi: kila mtu ana fungu, kila mtu ana neno. Italia ni vivyo hivyo. Hata mwenye sehemu moja ya kumi na mbili, asipotia sahihi, huwezi kuuziwa nyumba nzima. Nilisubiri miezi tisa, ndipo nikaambiwa yule wa Argentina alikwisha fariki na ameacha watoto watatu. Dalali alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Bado linaniuma.

Basi kabla hujapanda ndege, omba visura. Ni karatasi inayoonyesha majina ya wenye nyumba na mafungu yao, na hupatikana kwa yuro chache. Ukiona majina mengi, uliza kila mmoja yuko wapi na kama amempa mtu uwakilishi wa kisheria. Usikubali jibu la "hao hawana shida".

Ukishaipenda nyumba, utawekewa mezani karatasi iitwayo proposta d'acquisto, yaani ombi la kununua, utie sahihi moyo ungali na furaha. Usiichukulie kama barua ya kuonyesha nia. Muuzaji akiikubali, imekufunga. Ile pesa ya kutangulia huitwa caparra, na anayejua arbuni ataielewa mara moja. Ukifuatilia maneno hayo mawili, mzizi wake ni mmoja. Mnunuzi akighairi, inapotea. Muuzaji akighairi, anarudisha mara mbili. Dai iandikwe humo humo kwamba ununuzi unategemea ripoti ya geometra. Dalali akikataa, ondoka.

Geometra ni mtaalamu wa vipimo na karatasi za majengo, na kama una pesa ya kumlipa mtu mmoja tu wa ziada, mlipe yeye. Mtafute wako mwenyewe, asiwe wa dalali. Wangu alinitoza yuro 800. Siku ya ukaguzi wa nyumba niliyokuja kuinunua, karibu na Lanciano, alishika ramani iliyosajiliwa na kipimo cha leza, akapita chumba baada ya chumba bila kusema neno. Jikoni akasimama. Akaitazama sinki, akaitazama ramani, akanigeuzia karatasi nione. Pale tulipokuwa tumesimama paliandikwa zizi. Mtu aliligeuza zizi la punda kuwa jiko na bafu, akaishi humo hadi mwisho wa umri wake bila kuiambia manispaa. Muuzaji ilibidi ahalalishe kila kitu kwa gharama yake kabla sijatia sahihi, na ikachukua miezi minne. Nisingemleta geometra, kosa la marehemu lingekuwa langu. Notaio huhakikisha mwenye mali ni nani na kama kuna rehani. Haji kupima kuta.

Tuje kwenye hesabu. Nyumba yangu nilinunua yuro 38,000. Kodi ya usajili kwa nyumba isiyo makazi yako rasmi ni asilimia 9, lakini kwa mtu binafsi anayenunua nyumba ya kuishi kutoka kwa mtu binafsi, unaweza kuomba ihesabiwe kwa thamani ya serikali, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko bei. Unachukua namba iitwayo rendita catastale, yaani kipato cha nyumba kama serikali ilivyokikadiria, na kuizidisha kwa 126. Yangu ilikuwa 180, ikatoka 22,680, na asilimia 9 yake ni yuro 2,041. Ongeza 100 za kodi mbili ndogo. Dalali kwa nyumba ndogo alikuwa na ada yake ya chini, 3,000, na VAT ya asilimia 22 juu yake. Notaio 2,300. Ukijumlisha na geometra, nilitoa karibu 47,000. Codice fiscale, namba ya mlipakodi ambayo bila hiyo hununui chochote, ni bure.

Tena, nenda Februari. Julai kila kijiji ni pepo. Mimi nilirudi Februari, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha chini, kikatoka kimelowa. Kuta zile ni za mawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nene kama za nyumba za mji wa kale wa Lamu, na mtu alikuwa amezipiga plasta ya saruji. Saruji inazuia unyevu kutoka. Ndivyo babu alivyokuwa akiwagombeza mafundi kwetu, na mzee fundi wa kijijini alinieleza hivyo hivyo kwa Kitaliano. Tulibandua saruji yote upande wa kaskazini, tukaacha ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha tukarudisha chokaa. Siku hizi chumba kile hakinuki ukungu.

Kodi ya nyumba, IMU, hulipwa kwa awamu mbili, 16 Juni na 16 Desemba, na kuna ya taka vilevile hata kama unakaa wiki sita kwa mwaka. Umeme wa kawaida ni kilowati 3: ukiwasha oveni na mashine ya kufulia pamoja, swichi kuu inakata, na kama mita iko barabarani utaifuata gizani. Ukiondoka kabla ya baridi, funga maji na uyamwage yote mabombani yasigande. Ufunguo wa pili mwachie jirani. Wangu anao mama wa mlango wa pili, ambaye hunifungulia madirisha kila jua likitoka, na nikija humletea chai ya Kericho, kwa kuwa aliionja mara moja na tangu hapo ndiyo anayoiulizia.